Kupanda Ngazi na Kupandishwa Ngazi

Wapenzi wa kabumbu hapa Manga hawakosi la kubishania. Siku ya soko, katika vibanda vya chai na pale waendesha bodaboda wanapongojea abiria, utawasikia wakilumbana juu ya mambo mawili: ni timu gani iliyo bora, na ni timu ngapi zinazostahili kucheza katika Ligi Kuu. Swali la kwanza hupata jibu kila Jumapili jioni, na jibu hilo hubatilishwa Jumapili inayofuata. La pili ndilo gumu. Wako wanaotaka mlango upanuliwe, timu ziwe 20 au hata zaidi, kila eneo lipate mwakilishi. Wako pia wanaoapa kwamba timu 18 tulizo nazo tayari ni nyingi mno, na kwamba ligi nzuri ni kama uji mzito: ukiuongeza maji, sufuria hujaa lakini tumbo halishibi.

Sisi wa huku tuna sababu ya kulichukulia suala hili kwa uzito. Klabu ya Shabana ilianzishwa mjini Kisii mwaka 1980, ikapewa jina la duka la vifaa vya ujenzi la mfanyabiashara aliyeifadhili. Katika miaka ya themanini ilikuwa miongoni mwa timu zilizoogopwa nchini, na jina la mshambulizi wake Henry Motego lilikuwa vinywani mwa watoto waliopiga mpira wa makaratasi malishoni. Kisha ikaporomoka. Ilirejea katika Ligi Kuu mwaka 2023, baada ya miaka 17 ya kutangatanga katika ligi za chini. Mtoto aliyezaliwa mwaka iliposhuka alikuwa anakaribia umri wa kuchukua kitambulisho iliporudi.

Naomba niongeze kwamba Manga iko Nyamira, ilhali Uwanja wa Gusii uko Kisii. Tangu 2013 hizo ni kaunti mbili zenye magavana wawili na bajeti mbili. Lakini Shabana haikugawanywa. Siku ya mechi, vijana hushuka kutoka kwenye mwinuko wa Manga, wakavuka mpaka huo wa kaunti bila kuutambua, wakiimba kaulimbiu ya mashabiki: Tore Bobe. Maneno hayo, kwa tafsiri kavu, ni "tuko vibaya". Mgusii akijuliwa hali hujibu "tore buya", yaani tu wazima. Shabiki ameigeuza salamu ya kawaida ikawa kitisho, na mpinzani asiyejua Ekegusii huipata maana hiyo vilevile, maana sauti ya watu elfu kadhaa haihitaji mkalimani.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si kocha wala msimamizi wa ligi. Mchango wangu katika mjadala huu unatokana na kazi yangu, nao unahusu kitenzi kimoja.

Kitenzi "panda" ni cha kutenda. Anayepanda ndiye mwenye miguu na ndiye mwenye jasho. Ukikitia kiambishi cha kusababisha, kinakuwa "pandisha": sasa yuko mwingine anayemwinua yule wa kwanza. Ukikiongezea tena kiambishi cha kutendwa, kinakuwa "pandishwa", na hapo yule mwinuaji ana ruhusa ya kisarufi ya kutoweka kabisa. "Timu imepandishwa." Na nani? Sentensi haimtaji, na sarufi hailalamiki.

Kurasa zetu za michezo hapa Kenya, wala silitoi gazeti hili, zimezoea kuandika kwamba timu fulani "ilipandishwa ngazi" na nyingine "ikashushwa ngazi". Majirani zetu wa Tanzania aghalabu husema timu "imepanda daraja" au "imeshuka daraja". Yamkini ni mazoea tu ya waandishi, na si kila kauli ya kutendwa ina hila ndani yake. Hata hivyo kila nikisoma historia ya ligi yetu naona kwamba mazoea hayo yametuzibia tofauti kubwa. Mwaka 2023 Shabana ilimaliza katika nafasi mbili za juu za ligi ya daraja la pili. Hakuna aliyeipandisha. Ilipanda. Magoli yalihesabiwa, pointi zikajumlishwa, jedwali likasema. Laiti mgeni wa nchi hii angepewa jedwali hilo na kanuni ya ukurasa mmoja, angeweza kutaja timu zilizostahili bila kumpigia simu mtu yeyote Nairobi.

Sasa tuitazame njia ile nyingine. Mwaka 2015 msimu ulianza kwa kituko: nchi moja, ligi kuu mbili. Shirikisho la soka lilitaka timu 18, nayo kampuni ya KPL, iliyokuwa ikiendesha ligi, ikang'ang'ania 16. Mashabiki hawakujua ni mechi ipi iliyo halali na ipi ni mazoezi. Mvutano ule ulipotulizwa, 16 zikabaki. Mwaka 2017 shirikisho, chini ya uongozi mpya wa Nick Mwendwa, likapata lilichokitaka, na timu zikawa 18. Kabla msimu haujafika mbali, kituo cha televisheni cha SuperSport, kilichokuwa kikipeperusha mechi zetu, kikavunja mkataba wake kikilalamikia upanuzi huo. Mwanzoni mwa 2018 kampuni ya kamari ya SportPesa nayo ikatangaza kusitisha ufadhili wake wa michezo nchini kwa sababu ya kodi ya asilimia 35. Kinaya ni kwamba chumba kiliongezwa viti wakati uleule chakula kilipokuwa kikiondolewa mezani.

Hebu tufanye hesabu, maana katika malumbano ya kibandani hesabu husahaulika. Ligi ya timu 16, nyumbani na ugenini, ni mechi 240 kwa msimu. Ya timu 18 ni mechi 306. Hizo ni mechi 66 za ziada, na kila moja inataka basi, malazi, waamuzi, gari la wagonjwa na posho. Kutoka Kisii hadi Mombasa kucheza na Bandari ni takriban kilomita 800, kwenda tu. Klabu isiyo na kampuni wala idara ya serikali nyuma yake hulipia safari hiyo kwa michango ya mashabiki, na mashabiki wa huku ni wauza ndizi, walimu na wachuma majani chai.

Waliopinga upanuzi wa 2017 wana mifano yao. Nakumatt, timu iliyoingia mwaka huo, ilikuwa mali ya maduka makubwa yaliyokuwa yakielekea kufilisika. Maduka yalipoporomoka timu ikauzwa, ikabadilishwa jina kuwa Mount Kenya United, na msimu wa 2018/19 ukawa wa mwisho wake katika Ligi Kuu. Mfano unaotuuma zaidi sisi uko jirani. Sony Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Mwaka 2019 ilifukuzwa ligini baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Bingwa wa nchi, hana nauli! Ligi iliyopanuliwa kwa kelele nyingi ikamaliza msimu ule na timu 17.

Lakini wanaotetea upanuzi nao hawasemi ovyo. Miongoni mwa timu nne zilizoingia mwaka 2017 ilikuwamo Kariobangi Sharks, timu ya mtaa wa wanyonge jijini Nairobi. Mwanzoni mwa 2019 ilitwaa kombe la SportPesa lililochezewa Dar es Salaam, na Julai mwaka huohuo ikaitoa Everton ya Uingereza kwa mikwaju ya penalti katika uwanja wa Kasarani. Je, nani angethubutu kusema kwamba vijana wale hawakustahili kiti?

Na tukitoka katika ligi tukaingia katika timu za taifa, hoja yao inapata nguvu zaidi. Mwaka 2017 Shirikisho la Soka la Afrika liliamua kwamba Kombe la Mataifa ya Afrika litakuwa na timu 24 badala ya 16. Katika mashindano ya kwanza ya mfumo huo, yaliyofanyika Misri mwaka 2019, Kenya, Uganda, Tanzania na Burundi zote zilikuwapo. Kenya ilikuwa haijaonekana huko tangu 2004, Tanzania tangu 1980, na Burundi haikuwa imewahi kufika. Kenya ikaishinda Tanzania 3-2 katika mechi ambayo sidhani kuna kibanda hapa Manga ambacho hakikuwa kimejaa. Uganda ikasonga hadi hatua ya timu 16 bora. Wakosoaji wa Ulaya walisema mashindano yamepwaya. Sisi tulioishi miaka 15 tukishabikia Kameruni na Nigeria za watu hatukuona upwa wowote. Ni kweli kwamba upanuzi peke yake haumbebi mtu mgongoni: Afrika ilipopewa nafasi tisa za moja kwa moja katika Kombe la Dunia la 2026, badala ya tano za awali, hakuna hata moja iliyoangukia Kenya, Uganda au Tanzania. Ila katika haya yote hakuna aliyealikwa kwa sura, minghairi ya wenyeji wa mashindano. Mlango ulipanuliwa, lakini kila aliyeingia aliingia kwa miguu yake.

Hapa ndipo nataka kuwataja jamaa zetu walioko Marekani. Abagusii wengi wamefanya makao yao katika jimbo la Minnesota, na watoto waliozaliwa huko wamekulia katika mchezo tusioujua vizuri: mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya kubandikwa, ambao mguu huugusa mpira kwa nadra. Wajomba wakija likizo hutusimulia mabishano ya huko, nami hustaajabu jinsi yanavyofanana na ya Manga. Huko timu za vyuo vikuu hujaza viwanja ambavyo timu zetu za taifa haziwezi kuviota. Kuanzia msimu wa 2014 bingwa wa vyuo alipatikana kupitia mchujo wa timu nne tu. Nani alizichagua hizo nne? Kamati ya watu 13.

Mwaka 2023 kamati hiyo ilifanya jambo ambalo mashabiki wa huko hawatalisahau. Timu ya Chuo Kikuu cha Florida State ilikuwa imecheza mechi 13 na kushinda zote 13, ikawa bingwa wa kundi lake. Ikaachwa nje. Nafasi ya nne ikapewa Alabama, iliyokuwa imefungwa mara moja. Sababu iliyotolewa ni kwamba Florida State ilikuwa imempoteza mchezaji wake muhimu aliyejeruhiwa, hivyo haikuwa timu ileile tena. Tafakari kauli hiyo, msomaji. Timu imeshinda kila mechi iliyopangiwa, lakini watu wameketi mezani na kukadiria kwamba pengine ingeshindwa katika mechi ambayo haijachezwa.

Msimu uliofuata, wa 2024, mchujo ukapanuliwa hadi timu 12. Ohio State ikaingia ikiwa imepangwa ya nane, baada ya kufungwa 13-10 na mahasimu wake Michigan mwishoni mwa Novemba. Ikaziangusha zote zilizokuwa mbele yake, na Januari 20, 2025, ikaishinda Notre Dame 34-23 na kuwa bingwa. Watetezi wa upanuzi wakashangilia: mnaona, bora kuliko wote alikuwa miongoni mwa wale ambao zamani wangeachwa nje! Mashabiki wa Michigan wakauliza swali lao la uchungu: tulimshinda bingwa uwanjani, mbona ushindi wetu haukubadilisha chochote? Maswali yote mawili ni ya haki. Ndiyo maana mjadala wa idadi hauna mwisho, Minnesota wala Manga. Ukizidisha nafasi, ushindi wa kawaida hupungua thamani. Ukizipunguza, kuna mwenye haki atakayebaki nje akilia.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo yangeweza kuwasaidia hata Wamarekani. Kuna mchujo na kuna uteuzi. Mchujo unatokana na kuchuja. Watu wa pwani huchuja tui, nasi wa bara huchuja chai. Chujio halimjui mtu. Matundu yake ni yaleyale kwa kila jani, na kinachopita kimepita kwa kuwa kinapitika. Uteuzi ni kazi ya mkono na jicho: mteuzi hutazama, akapenda, akaokota. Uteuzi una mahali pake, mathalani kocha anapopanga kikosi. Lakini tukiuita uteuzi kwa jina la mchujo, tunawadanganya vijana. Ile kamati ya watu 13 haichuji. Inateua, kisha wateule ndio wanaoingizwa kwenye chujio. Nasi tuliotaka kuamua kwa mabishano ya ofisini iwapo timu ni 16 au 18, wakati wachezaji wamekwisha kupasha misuli, tulikuwa tunalitoboa chujio upya huku chai ikimiminwa.

Wakati mwingine katika kibanda nimesikia hoja kwamba haya ni maneno ya kitaaluma, na kwamba shabiki hajali ikiwa timu yake imepanda au imepandishwa mradi iko juu. Sikubali. Mwulize yeyote aliyeifuata Shabana katika viwanja vya daraja la pili visivyo na majukwaa. Ile miaka 17 ndiyo inayomfanya avimbe kifua. Angalipewa nafasi mezani mnamo mwaka wa tano, angeipokea, naam, lakini angejua kwamba kilichotolewa na meza kinaweza kurudishwa na meza. Zaidi ya shabiki, yuko mchezaji mwenyewe. Kijana wa Manga aliyemaliza kidato cha nne bila alama za chuo, anayecheza katika timu ya chini kwa nauli na chupa ya soda, ameweka rehani miaka yake mizuri kwa imani moja tu: kwamba akishinda, atahesabiwa. Miaka hiyo ni michache, na mguu wa mchezaji huzeeka kabla ya mwili wake.

Majirani zetu wamejaribu njia zote mbili. Ligi Kuu ya Tanzania ilikuwa na timu 20 msimu wa 2018/19, ikapunguzwa hadi 18 msimu wa 2020/21, kisha 16 msimu uliofuata. Mwaka 2021 walitia saini mkataba wa matangazo wa miaka kumi na Azam wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225 za Tanzania. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na Simba mwaka 2025. Sisemi kwamba udogo wa ligi ndio ulioleta fainali. Fedha zilichangia zaidi, tena sana. Ninachosema ni kwamba walipunguza kwa hatua, na klabu zilijua mapema ni ngapi zitashuka.

Msimamo wangu basi ni huu, na najua kuna kibanda kimoja au viwili ambamo sitauziwa chai wiki hii. Timu 18 zinatosha. Kinachohitaji kupanuliwa ni ngazi, si chumba. Kwa sasa timu mbili hupanda moja kwa moja kutoka daraja la pili, na ile ya tatu hukutana na timu ya 16 ya Ligi Kuu. Kwa nini timu ya tatu pekee? Uingereza, tangu 1987, timu zilizokosa kidogo nafasi za moja kwa moja hupambana katika mchujo wao mwishoni mwa msimu, na ligi ambayo ingekuwa imekufa mwezi wa Machi hubaki hai hadi siku ya mwisho. Timu ya tatu, ya nne, ya tano na ya sita zikichujana hapa kwetu, na mshindi akamkabili yule wa 16 wa juu, mechi zitakazoongezeka ni chache, na zote zitajaza uwanja. Idadi ya Ligi Kuu haitaguswa. Tumaini la vijana wa chini litaongezeka mara nne.

Uongozi wa shirikisho uliochaguliwa Desemba 2024, chini ya Hussein Mohammed, haukuhusika na vituko vya 2015 wala 2017, na hivyo hauna cha kutetea. Ungeweza kuandika kanuni hiyo kabla ya mechi ya kwanza ya msimu, na kuifunga isibadilishwe kwa misimu mitatu, hata iwe timu iliyoponea chupuchupu ni ya nani. Ungeweza pia kuidai kila klabu inayopanda ithibitishe kwamba ina nauli ya mechi zake 17 za ugenini. Hilo litaziumiza klabu za jamii kama yetu, nakiri, lakini si kama Sony ilivyoumizwa.

Upande wetu nasi tuna deni. Kaunti ya Nyamira imekuwa na uwanja wa Manga katika mipango yake kwa miaka mingi, na vijana ninaowazungumzia bado wanahitaji mahali pa kuchezea mechi inayotambuliwa bila kupanda gari kwenda Kisii. Waheshimiwa madiwani wakijadili bajeti ijayo, mashabiki wa vibandani wangefanya vyema kuhudhuria vikao vya umma kwa wingi uleule wanaokwenda nao Uwanja wa Gusii, na wakiulizwa wametaka nini, wataje tarehe.